Utafiti hufanyika Kyela, bei ya kuusoma hupangwa ng'ambo

Ufukwe wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, kuanzia mdomo wa Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi hadi Matema chini ya Milima ya Livingstone, umeandikwa na wanazuoni kwa karibu miaka 90 sasa, lakini sehemu kubwa ya maandishi hayo imo katika majarida ya kitaaluma ambayo bei yake hupangwa mbali na Kyela na hulipwa kwa fedha za kigeni. Jarida la kitaaluma ni chapisho la mfululizo ambamo watafiti hutangaza matokeo yao baada ya makala kukaguliwa na wataalamu wenzao. Siku hizi majarida hayo husomwa zaidi kwa njia ya intaneti, na maktaba za vyuo vikuu na taasisi za utafiti ndizo zinazotarajiwa kuyalipia ili wanafunzi, wahadhiri na watafiti wayasome. Namna ya kuyalipia si moja, na kila namna ina faida na mitego yake, hivyo mkutubi anayepelekewa mkataba na mchapishaji anahitaji kipimo cha kuamua kama bei anayotajiwa inalingana na manufaa ambayo wasomaji wake watayapata.

Uzito wa jambo hili unaonekana kwa kutazama yale yaliyokwisha kuandikwa kuhusu eneo hilo. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika Wilaya ya Rungwe ya wakati huo, ambayo Kyela ilikuwa sehemu yake, na mwaka 1936 Godfrey alichapisha utangulizi kuhusu jamii ya Wanyakyusa katika jarida la Bantu Studies, ambalo baadaye liligeuzwa jina na kuitwa African Studies na leo huchapishwa na kampuni ya Taylor & Francis. Mwaka 2015 jarida la Science la Marekani lilitoa utafiti wa vinasaba vya samaki wa Ziwa Masoko, ziwa dogo la volkano lililo kaskazini mwa Kyela katika Wilaya ya Rungwe, ulioeleza jinsi samaki wa ukoo mmoja wanavyoanza kugawanyika kuwa makundi mawili ndani ya maji yale yale. Mwaka 2016 jarida la The Lancet, ambalo ni mali ya kampuni ya Elsevier yenye makao makuu Amsterdam, lilichapisha utafiti uliofanywa Kyela ukionyesha kwamba watu wenye minyoo inayosababisha matende na mabusha walikuwa katika hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI takriban mara mbili ya wale wasiokuwa nayo.

Utafiti huo wa mwisho ulitokana na damu na muda wa wakazi wa Kyela, na matokeo yake yanawahusu madaktari wa wilaya hiyo kabla hayajamhusu mtu mwingine yeyote. Kadhalika Kyela ina kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI, ambacho kazi yake inahusu samaki kama usipa na mbasa, huku mashamba ya kakao na mpunga yakihitaji maarifa ya magonjwa ya mimea, udongo na masoko. Swali la bei ya majarida, kwa hiyo, si la vyuo vikuu vya mijini peke yake. Linawagusa pia watafiti, waganga na maofisa ugani wanaofanya kazi ziwani, ambao vyuo vikuu vilivyo karibu nao viko Mbeya, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara inayopita Tukuyu, na ambao mara nyingi hawahesabiwi kabisa katika mikataba ambayo vyuo hivyo hutia saini.

Kutoka kumiliki hadi kukodi

Enzi ya karatasi, maktaba iliponunua jarida ilibaki nalo rafuni hata kama mwaka uliofuata haikuwa na fedha za kuendelea. Jarida la kielektroniki lilibadilisha hali hiyo, kwa sababu maktaba hainunui tena chapisho bali hununua leseni, yaani ruhusa ya kusoma kwa muda na kwa masharti yaliyoandikwa. Ada isipolipwa, mlango unaweza kufungwa hata kwa makala za miaka ambayo maktaba ilikwisha kuilipia, isipokuwa kama mkataba unatoa haki ya kudumu ya kusoma kile kilicholipiwa. Kipengele hiki ndicho cha kwanza ambacho mkutubi anapaswa kukitafuta kabla ya kuangalia tarakimu za bei, kwa kuwa bei ndogo isiyoacha haki yoyote nyuma yake inaweza kuwa ghali kuliko bei kubwa inayoiacha.

Katikati ya miaka ya 1990 wachapishaji wakubwa walianza kuuza majarida yao yote, au karibu yote, kwa mkataba mmoja wa miaka kadhaa, na mtindo huo ukaenea duniani. Katika makala hii mkataba wa aina hiyo unaitwa mkataba wa furushi. Mwanzoni ulionekana kuwa neema, kwani maktaba iliyokuwa na majarida mia moja ilijikuta na elfu moja kwa nyongeza ndogo ya fedha, lakini kadiri miaka ilivyopita ada ilipanda mwaka hadi mwaka na maktaba zikakosa nafasi ya kupunguza chochote, maana kuondoa jarida moja ndani ya furushi hakupunguzi bei. Mwezi Aprili 2012 jopo la wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Harvard, chuo tajiri kuliko vyote duniani, lilitangaza kwamba gharama ya majarida ya baadhi ya wachapishaji, iliyokuwa imekaribia dola milioni 3.75 kwa mwaka, haiwezi kuendelea kubebwa, na kwamba yapo majarida yanayotozwa hadi dola 40,000 kwa mwaka. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha California kiliacha kuhuisha mkataba wake na Elsevier, na kikarejea mwaka 2021 baada ya kupata makubaliano yanayoruhusu makala za watafiti wake kusomwa bure na dunia nzima.

Njia za kulipa na mitego yake

Njia ya kwanza ni kulipia jarida mojamoja. Faida yake ni kwamba maktaba huchagua inachokihitaji na huweza kuacha kisichosomwa, ila bei ya kila jarida huwa kubwa na kazi ya kufuatilia mikataba mingi huwalemea wakutubi wachache. Njia ya pili ni furushi, ambalo lina wingi wa kuvutia, lakini mnunuzi wake yuko katika hali ya mtu aliyefuata mchele wa Kyela akauziwa gunia lililochanganywa na mchele wa kwingine, akalipa kilo zote kwa bei ya ule alioufuata. Njia ya tatu ni bei inayotokana na ukubwa wa taasisi, ambapo mchapishaji huhesabu wanafunzi na wahadhiri wa muda wote au huipanga taasisi katika daraja fulani. Njia hii inaonekana kuwa ya haki, ila inaweza kukiumiza chuo chenye maelfu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza katika ualimu au biashara, ambao hawatafungua hata siku moja majarida ya fizikia waliyohesabiwa nayo.

Njia ya nne ni hazina za makala zinazokusanywa na kampuni za kati kutoka kwa wachapishaji wengi. Bei yake kwa kawaida ni nafuu, lakini baadhi ya majarida yaliyomo huwa na kipindi cha zuio, yaani makala mpya hazionekani mpaka upite muda uliowekwa, mara nyingi mwaka mmoja, na mchapishaji anaweza kuliondoa jarida lake katika hazina wakati wowote. Njia ya tano ni kununua makala moja kwa wakati anapotokea anayeihitaji, ambapo wachapishaji wengi wa kimataifa hutoza takriban dola 30 hadi 40 kwa makala. Kwa mtafiti wa usipa anayehitaji makala 3 kwa mwaka njia hiyo inaweza kufaa, ila kwa mwanafunzi wa uzamili anayepitia makala 60 ili aandike sura moja ya tasnifu yake haiwezekani kabisa.

Njia ya sita inahamisha malipo kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi, na hapo ndipo linapoingia suala la ufikiaji huria, yaani makala kusomwa na yeyote bila malipo. Majarida mengi ya aina hiyo humtoza mtafiti au taasisi yake ada ya kuchapisha, na jarida la Nature lilipotangaza ada yake mwishoni mwa mwaka 2020 iliwekwa euro 9,500 kwa makala moja. Wachapishaji wengi huwasamehe au huwapunguzia waandishi wa nchi maskini, ila msamaha huo hutegemea orodha za nchi ambazo hubadilika. Ipo pia mikataba inayounganisha kusoma na kuchapisha katika malipo mamoja, kama ile ambayo Ujerumani ilitiliana saini na Wiley mwaka 2019, Springer Nature mwaka 2020 na Elsevier mwaka 2023. Mikataba hiyo hunufaisha nchi zinazochapisha sana, ilhali taasisi inayosoma mengi na kuchapisha machache inaweza kujikuta ikilipia nafasi za kuchapisha isizozitumia.

Kipimo cha usomaji

Kipimo kinachotumiwa zaidi na wakutubi ni gharama ya usomaji mmoja, ambayo hupatikana kwa kugawa ada ya mwaka kwa idadi ya makala zilizofunguliwa au kupakuliwa. Ili hesabu za wachapishaji mbalimbali zilinganishwe bila udanganyifu, tangu mwaka 2002 umekuwapo mpango wa kimataifa uitwao COUNTER unaoweka kanuni za namna ya kuhesabu matumizi, na toleo lake la 5 lilianza kutumika Januari 2019. Maktaba yoyote inayolipia majarida inastahili kudai takwimu za namna hiyo, na mchapishaji anayesitasita kuzitoa anamnyima mnunuzi njia ya kujua anachonunua.

Mfano wa kubuni unaweza kuonyesha jinsi kipimo hicho kinavyofanya kazi na pale kinapoweza kupotosha. Chuo kimoja kinalipa shilingi milioni 60 kwa furushi la majarida 1,500, na wasomaji wake wanafungua makala mara 12,000 kwa mwaka, hivyo usomaji mmoja unagharimu shilingi 5,000. Lakini mkutubi anapochunguza anagundua kwamba mara 4,800 kati ya hizo zilihusu makala ambazo zingepatikana bure kwa njia nyingine, hivyo fedha zilinunua usomaji 7,200 tu na gharama halisi inapanda hadi shilingi 8,333. Akiendelea anaona kwamba majarida 40 yanabeba usomaji 5,760 kati ya huo, na kwamba yakilipiwa mojamoja yatagharimu shilingi milioni 24, sawa na shilingi 4,167 kwa kila usomaji. Milioni 36 zinazobaki zinatosha kununua makala 400 kwa shilingi 90,000 kila moja, wakati usomaji uliobaki nje ni 1,440. Pengo la 1,040 linabaki, na hapo uamuzi unaacha kuwa wa hesabu peke yake, kwa sababu chuo kinalazimika kujiuliza ni kiasi gani cha pengo hilo kinaweza kuzibwa kwa kuwaomba waandishi nakala, kwa kuazimana na maktaba nyingine, au kwa kutumia nakala za bure zilizowekwa katika hifadhi za vyuo.

Kipimo hiki kisitumiwe kama panga, maana jarida la samaki wa maji baridi linaloweza kufunguliwa mara 30 tu kwa mwaka, na watu wawili tu, linaweza kuwa ndilo linaloamua kama ushauri kuhusu uvuvi wa mbasa, samaki anayepanda mito kama Songwe na Kiwira kutaga mayai, utatolewa kwa ushahidi au kwa kukisia. Wingi wa usomaji hupendelea fani zenye wanafunzi wengi, hivyo wahadhiri na watafiti wa fani ndogo washirikishwe kabla jarida lao halijaondolewa, na waeleze kwa maandishi linatumika katika kazi gani.

Mambo mengine matatu hayamo katika hesabu ya usomaji lakini huamua bei halisi. La kwanza ni nyongeza ya kila mwaka: ada ya milioni 60 inayopanda kwa asilimia 5 kila mwaka hufikia karibu milioni 76.6 baada ya miaka 5, kwa hiyo kiwango cha juu cha nyongeza lazima kiandikwe ndani ya mkataba. La pili ni sarafu. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilipatikana kwa takriban shilingi 2,300, na kufikia katikati ya mwaka 2024 ilikuwa imepita shilingi 2,600, maana yake mkataba wa dola 25,000 ulipanda kutoka shilingi milioni 57.5 hadi milioni 65 bila ukurasa hata mmoja kuongezeka. La tatu ni tafsiri ya msomaji halali, yaani nani anaruhusiwa kusoma kwa leseni hiyo. Mkataba unaomruhusu tu mtu aliye ndani ya eneo la chuo unamwacha nje mwanafunzi aliye katika mafunzo kwa vitendo hospitalini Matema, na unamwacha nje pia mtafiti wa Kyela anayeshirikiana na chuo hicho, wakati kuwaongeza wasomaji wa aina hiyo mwanzoni mwa mazungumzo kunaweza kusiongeze ada yoyote.

Bure inayotegemea hisani

Kwa taasisi za Tanzania hesabu zote hizi zina mshindani mmoja, nao ni mpango wa Research4Life, ambao huziruhusu taasisi za nchi zenye kipato cha chini na cha kati kusoma maelfu ya majarida bila malipo au kwa ada ndogo. Mpango huo ulianza na Hinari ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ikafuata AGORA ya kilimo na uvuvi mwaka 2003, OARE ya mazingira mwaka 2006, ARDI ya teknolojia mwaka 2009 na GOALI ya sheria mwaka 2018. Nchi hugawanywa katika makundi mawili: Kundi A halilipi chochote, na Kundi B hulipa dola 1,500 kwa mwaka kwa kila taasisi. Tanzania imo katika Kundi A, na si vyuo vikuu pekee vinavyostahili kujiandikisha, bali pia taasisi za utafiti, hospitali, ofisi za serikali na maktaba za taifa, hivyo kituo cha utafiti au hospitali iliyo kando ya ziwa inaweza kuwa na nywila yake yenyewe bila kusubiri chuo cha mjini.

Hata hivyo, kila mchapishaji katika mpango huo hubaki na uhuru wa kuamua nchi zipi anazipa majarida yake. Mwezi Januari 2011 watafiti wa Bangladesh waliarifiwa kwamba majarida zaidi ya 2,500 waliyokuwa wakiyasoma kupitia Hinari yameondolewa na wachapishaji kadhaa, na ingawa kilio kilichopigwa kupitia majarida ya tiba kiliwafanya wachapishaji kurudisha ruhusa hiyo, funzo lake halikufutika. Aidha, mojawapo ya vigezo vya Kundi A ni nchi kuwamo katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Katika tathmini ya mwaka 2024 Tanzania, pamoja na Uganda na Rwanda, ilitimiza kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka katika orodha hiyo, na tathmini inayofuata imepangwa mwaka 2027. Kutimiza vigezo mara mbili mfululizo hufungua njia ya nchi kuondolewa katika orodha baada ya kipindi cha maandalizi cha miaka kadhaa, na hiyo ni habari njema kwa uchumi, lakini kwa maktaba ina maana kwamba siku ya kuulizwa bei inaweza kufika.

Maktaba itakayofika mezani siku hiyo bila kujua majarida gani yalisomwa, na nani, na mara ngapi, itauziwa furushi kwa sababu haitakuwa na hoja ya kulikataa. Kwa hiyo wakati wa bure ndio wakati wa kuhesabu. Kila taasisi ianze sasa kuweka kumbukumbu za usomaji wake, iyatenge majarida ambayo kazi yake haiwezi kufanyika bila hayo, na ijue bei yake ya soko hata kama haiilipi. Kazi hiyo haianzi patupu, kwani Muungano wa Maktaba za Vyuo Vikuu na Taasisi za Utafiti Tanzania, COTUL, umekuwa ukizikutanisha maktaba ili zizungumze na wachapishaji kwa sauti moja, na katika miaka ya 2000 mpango wa PERI, ulioratibiwa na shirika la INASP la Uingereza, ulizizoesha taasisi za nchi kadhaa za Afrika, Tanzania ikiwemo, kununua kwa pamoja kabla gharama zilizobebwa na wafadhili hazijaanza kuhamia kwa maktaba zenyewe.

Upande wa pili wa kazi hiyo ni kupunguza kile kinachohitaji kununuliwa. Serikali ilitangaza zawadi ya shilingi milioni 50 kwa watafiti wa Kitanzania wanaochapisha katika majarida yenye hadhi ya juu duniani, na nia ya kuwatia moyo wanasayansi inastahili pongezi, ila zawadi hiyo ingezaa zaidi kama ingeambatana na sharti kwamba nakala ya makala iwekwe katika hifadhi huria ya chuo ili isomwe bure nchini. Majarida ya Tanzania yanayopatikana kupitia mtandao wa African Journals Online, ulioanzishwa mwaka 1998, kama vile Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Tanzania Journal of Health Research la Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yanastahili kutengewa fedha za uhariri kutoka katika bajeti ile ile inayolipa ada za ng'ambo, kwa sababu kila makala muhimu kuhusu Ziwa Nyasa inayochapishwa humo haitahitaji leseni ya mtu.

Watu wa Kyela walishiriki katika utafiti wa mwaka 2016 kwa kujitolea, na haki yao ya kunufaika na kilichogunduliwa haiwezi kuachwa itegemee hisani ya kampuni wala bahati ya kuwamo katika orodha. Kabla ya tathmini ya mwaka 2027, COTUL na wizara yenye dhamana ya elimu ya juu zinapaswa kuwa na orodha ya taifa ya majarida yanayosomwa kweli, kiwango cha juu cha bei ambacho nchi iko tayari kukilipa, na sharti lisiloondolewa katika mkataba wowote kwamba mtafiti, daktari na ofisa ugani wa wilaya ya pembezoni ni msomaji halali sawa na profesa wa Dar es Salaam.